Kanga Juu ya Shimo la Mwisho

Muulize mtu yeyote wa ofisini kwetu kuhusu siku ile ya gofu, atakuambia ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu taasisi ihamie Dodoma. Picha bado zipo kwenye kundi letu la WhatsApp, na kuna watu hawachoki kuzirudisha na kuandika "tulifurahi jamani". Mimi huwa sizifungui. Siku ile nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hicho ndicho kinachoniuma.

Mimi ni dereva wa ofisi, Khamisi, Mrangi wa Kondoa. Lakini habari hii ni ya Hilda, ambaye wote tunamwita Mama Hana kwa jina la binti yake. Hilda ni Mgogo wa Mkonze, mzaliwa wa hapo hapo, si mgeni wa kuja na malori ya samani kama wengi wetu. Taasisi ilipohama kutoka Dar es Salaam ilimkuta kwao, ikampa mkataba wa muda akae mapokezi, aandae chai ya vikao na atafute kila kitu ambacho wenye vyeo wamekipoteza. Mkataba wenyewe ulikufa na kufufuliwa kila mwaka, na kila mwaka aliambiwa avumilie kidogo, ajira ya kudumu inakuja.

Hakuwa anataka cheo. Alitaka bima ya afya. Mama yake ana kisukari, na wakati huo kidonda cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeanza kukataa dawa. Kwa utaratibu wa kwetu, mwajiriwa wa kudumu anaandikisha mzazi wake kwenye bima, mtu wa mkataba anajitegemea. Ni hilo tu alilokuwa akilitafuta, na kila mtu ofisini alilijua, mkurugenzi akiwa wa kwanza.

Mkurugenzi wetu ni Bwana Batholomeo, Mhehe wa Iringa. Na Mhehe na Mgogo, kama ujuavyo, ni watani. Mababu zao walipigana mikuki mpaka wakachoshana, wakaona heri watupiane maneno: Mgogo aitwe ombaomba, Mhehe aitwe mla mbwa. Basi kila asubuhi Batholomeo akiingia pale mapokezi alikuwa anapaza sauti, "Ombaomba! Leo unaomba nini?" Kukiwa hakuna wageni, Hilda alimjibu, "Shikamoo mtani. Leo naomba umwachie jirani yako mbwa wake, watoto wanamlilia." Wakacheka wote wawili. Kukiwa na wageni, Batholomeo aliuliza vilevile, tena kwa sauti kubwa zaidi, ila Hilda alitabasamu tu na kuonyesha viti. Utani wa ofisini kwetu ulikuwa unapita upande mmoja, na mimi nilikuwa nauona kila siku kupitia mlango wa kioo.

Ikatokea bodi ikapata mwenyekiti mpya, mama mmoja mstaafu, mcheshi, anayependa gofu kuliko chakula. Batholomeo naye kumbe anacheza. Akaamua wafanyakazi wote, wakubwa kwa wadogo, waende kucheza gofu Jumamosi moja pamoja na mwenyekiti. Akamwita Hilda.

"Mama Hana, hii kazi nakupa wewe. Kila mtu acheze, na kila mtu afurahi. Sitaki mwenyekiti aone watu wamenuna pembeni."

"Sawa, bosi. Ila wanaojua gofu hapa ni wangapi?"

"Mimi, Meshack wa kompyuta, na mwenyekiti mwenyewe."

"Na sisi wengine?"

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Nikampeleka kwenye uwanja mmoja ulio nje ya mji, kuelekea Ihumwa. Usifikirie uwanja wa kwenye televisheni. Ni pori lililofyekwa, nyasi kavu, miiba pembeni, na mbuzi wa watu wanapita katikati bila kuuliza. Maji ya kumwagilia hakuna, kwa hiyo kuzunguka kila shimo wameweka mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe, na ukimaliza kucheza unausawazisha kwa ubao uwaachie wanaokuja nyuma. Msimamizi, kijana mpole aitwaye Romani, alimpa Hilda fimbo ajaribu. Akapiga hewa. Akarudia, akapiga hewa tena, akajicheka mwenyewe hadi akakaa chini.

Romani akampa ushauri wa kitaalamu. "Mama, wanaojua wapange peke yao watangulie. Wasiojua waje nyuma polepole, au wakae kivulini watazame, soda zitakuwepo."

Hilda akamkazia macho. "Hao watacheza, hawa watatazama. Si ndivyo tunavyoishi siku zote? Kwa nini nikodi basi kwa ajili hiyo?"

Akamhoji Romani mpaka akapata njia. Watacheza kwa timu. Wote wanapiga, kisha wanaangalia mpira wa nani umeangukia pazuri, na wote wanaendelea kutokea hapo. Kwa hiyo hata mfagizi akipiga vibaya shimo zima, mara moja tu akipiga vizuri amesaidia timu. Wasiojua waanzie karibu na shimo, wanaojua waanzie mbali. Na atakayepiga hewa mara nyingi kuliko wote asipewe pole, apewe jogoo.

Tukiwa njiani kurudi akasema, "Bado kuna kitu kimoja. Mtu mzima akipiga hewa mbele ya bosi wake, jogoo hasaidii. Anarudi nyumbani na aibu."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitawapanga kwa utani."

Siku zilizofuata alipita meza kwa meza akiuliza watu kabila zao na watani wao. Mchaga akamweka na Mpare. Mnyamwezi akamweka na Mzaramo. Mimi nilikuwa sina mtani pale, akanipa Emiliana, Mnyaturu wa Singida, akasema ujirani unatosha, mengine tutayatengeneza wenyewe. Sababu yake ilikuwa nyepesi: mtani akikucheka hukasiriki, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Mtu atapiga hewa, mtani wake atamchamba, na wote watacheka bila mtu kudhalilika. Hakuna mtaalamu wa gofu aliyemfundisha hilo. Na yeye, kwa kuwa alikuwa mtani wa mkurugenzi, akajipanga timu moja na mkurugenzi, mwenyekiti na Meshack.

Siku ilipofika mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyopanga. Ilikuwa mwezi wa saba, ule upepo wetu wa baridi umeshika, vumbi jekundu linaingia mpaka masikioni. Mchaga akapiga hewa, Mpare wake akampigia magoti akimwomba asiudhuru ule upepo maskini, haujamkosea. Emiliana alinisema mpaka ukoo wangu, nami nikamlipa. Wahasibu waliokuwa hawasalimiani tangu sikukuu ya Pasaka walikuwa wameshikana mabega wakitafuta mpira kwenye miiba. Mwenyekiti akawa anaacha mchezo wake na kukimbilia kusikiliza timu za wengine. Niliwaangalia wale watu nikasema moyoni, huyu mama wa mapokezi amefanya kitu ambacho semina zote za hoteli zimeshindwa.

Timu ya wakubwa ndiyo ilikuwa ya mwisho kumaliza. Tukajikusanya sote kwenye shimo la mwisho kuwatazama. Mchwa walikuwa wameharibu shimo la zamani, Romani akachimba jipya asubuhi ile ile, na udongo mwekundu mbichi ulikuwa bado umerundikwa pembeni. Mpira wa Batholomeo ulikuwa hatua moja tu kutoka shimoni. Akainama, akapima, akajipanga.

Hilda akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaitandaza juu ya shimo, akajilaza ubavu juu yake.

"Hazikwi mtu hapa!" akasema.

Waliojua desturi wakapiga kelele za furaha. Mwenyekiti akauliza kuna nini, Emiliana akamweleza: kwenye msiba, watani wa marehemu huingia kaburini wakalala, wakagoma kutoka mpaka wenye msiba watoe kitu. Wakikataa kutoa, maziko hayaendelei. Mwenyekiti akapiga makofi kama mtoto.

Batholomeo akaegemea fimbo yake akicheka. "Ombaomba umeanza. Haya, unaomba nini leo?"

"Wewe toa, mimi nitasema kama nimeridhika."

"Chukua jogoo."

"Jogoo ni wa wapiga hewa. Mimi nazuia maziko."

"Nitakununulia zabibu."

"Zabibu zimejaa kwetu. Nyinyi ndio mnakuja kuzitafuta."

Watu hoi. Hilda naye alikuwa anacheka, ila nilimwona anashusha pumzi. Akaweka kiganja chake juu ya ule udongo mbichi.

"Mtani, naomba ajira. Mama yangu anaumwa."

Kicheko kikapungua. Batholomeo akamtupia jicho mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa anamtazama yeye, anasubiri. Kisha Batholomeo akainua fimbo juu kama mtu anayeapa.

"Mbele ya watu wote hawa na mbele ya mwenyekiti wangu. Mwaka huu hauishi, Mama Hana atakuwa mwajiriwa wa kudumu. Haya toka kaburini, nimzike mtu wangu!"

Sijasikia makofi kama yale ofisini kwetu. Hilda akainuka, akakung'uta kanga, akampigia goti. Batholomeo akagusa mpira, ukaingia.

Kwenye basi nikamuuliza kama alikuwa amepanga. "Sikupanga," akasema. "Nilipouona ule udongo tu ndipo likanijia. Ofisini nimeomba miaka yote hiyo kwa adabu. Nikasema leo ngoja niombe kama mtani."

"Na unaamini atatoa?"

Akanishangaa kweli kweli. "Khamisi, ameahidi kaburini. Kwetu hakuna mtu anayeahidi pale asitoe. Hata mlevi hathubutu."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kama ni kosa. Jioni ile ile alimwambia mama yake, mama yake akawaambia wa kanisani, na Jumapili walimwombea mkurugenzi kwa jina. Mzee yule wa watu, Mhehe, alitajwa kwenye maombi ya Wagogo pale Mkonze, wakimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Miezi ikapita. Batholomeo akaanza kupitia mlango wa nyuma, anasema unamfupishia njia kwenda kwenye gari. Nafasi ya mapokezi ikatangazwa, na tangazo likataka shahada. Hilda ana cheti cha kidato cha nne. Akaajiriwa Loisi, binti mzuri tu, hana hatia, na Hilda ndiye aliyeambiwa amfundishe kazi. Akamfundisha. Akamwonyesha funguo, akamwonyesha wageni gani hawanywi chai yenye sukari.

Siku moja nilikuwa ofisini kwa mkurugenzi nikisubiri maelekezo ya safari, Hilda akabisha hodi akaingia. Hakukaa.

"Bosi, nimekuja kukumbushia lile la uwanjani."

Batholomeo akavua miwani taratibu. "Mama Hana, wewe ni mtu mzima. Ya uwanjani yaliishia uwanjani. Watu walikuwa wanacheka pale, ulitaka nimharibie mwenyekiti siku?"

"Uliahidi kaburini, mtani."

"Lilikuwa shimo la gofu." Akatabasamu, tena kwa upole, na huo upole ndio ulionitia hasira. "Sikiliza. Mkataba wako nimeshauongeza. Na gofu ijayo utaipanga wewe tena, mwenyekiti amekusifu mno. Hilo si dogo."

Hilda akasema asante. Nilitamani nitupe zile funguo za gari mezani kwake, ila nina watoto, nikazishika mkononi nikatoka. Mimi nasema hivi: mtu aliyekuita ombaomba miaka yote mbele ya wageni, kwa sababu ni mtani wako, hana haki ya kuukana utani siku unapomgharimu. Aliula upande wake wote, ulipofika upande wa kutoa akajifanya msomi.

Mguu wa mama yake ulikatwa kabla ya mvua kuanza, chini kidogo ya goti. Ofisini tulichanga. Batholomeo alichanga kuliko sisi wote na jina lake likasomwa la kwanza.

Mwaka uliofuata baba yake Batholomeo akafariki, mzee wa miaka mingi, huko vijijini Iringa. Nikapakia wafanyakazi kwenye basi dogo. Hilda alikuja pia, amevaa vizuri, mkoba mkubwa mapajani. Njia nzima watu walikuwa wanachangamka, kama watu wanavyochangamka wakiwa na mtani ndani ya gari. "Leo Wahehe watakoma," wakasema. "Mama Hana asipolala kaburini hatuondoki." Hilda alikuwa anaangalia dirishani.

Tukafika, tukapokewa kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, na maji ya kunawa. Kaburi lilikuwa tayari, udongo umerundikwa. Msiba wa mzee wa namna ile hauliliwi sana, watu husubiri watani waje wauchangamshe. Sanduku lilipofikishwa, shangazi mmoja wa Batholomeo, bibi kizee mwenye fimbo, akaangaza macho.

"Wagogo wako wapi? Mnataka kumzika kaka yangu kimya kama mkimbizi?"

Ofisi nzima ikamgeukia Hilda. Alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake, mikono ameiweka mapajani. Hakuinuka. Mchungaji akakohoa. Wachimbaji wakaegemea majembe yao. Mwishowe Batholomeo mwenyewe akaja, macho mekundu, suti ina vumbi, akachuchumaa mbele yake. Sikuwahi kumwona akichuchumaa mbele ya mtu.

"Mtani," akasema kwa sauti ya chini. "Mzee alipenda sana watani. Alisema nisije nikamzika bila nyinyi. Nakuomba."

Hilda akamtazama usoni.

"Pole sana, bosi," akasema. "Mungu awatie nguvu."

Basi. Batholomeo akabaki amechuchumaa pale, kisha akainuka akarudi kwa ndugu zake. Mzee akashushwa, na kilichosikika ni majembe na udongo unaoanguka. Yule shangazi alilia peke yake, kwa uchungu, akisema kaka yake amekosa nini. Batholomeo alilia pia. Nilidhani nitafurahi kumwona analia, na sikufurahi hata kidogo.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipopita Mtera, wengine wote wamesinzia, Hilda aliyekaa mbele karibu nami akafungua ule mkoba, akatoa kanga. Ilikuwa ile ile ya uwanjani, imefuliwa na kukunjwa.

"Niliibeba," akasema. "Nilikuja nimejiandaa, Khamisi. Nilisema huyu ni baba wa watu, nitamlalia kaburi lake." Akaishika ile kanga kwa mikono miwili. "Nilipotaka kuinuka nikamwona akilini mama yangu anavyotambaa asubuhi kwenda chooni. Nikashindwa." Akaanza kulia, na akalia mpaka tunaiona Dodoma. "Yule mzee hakunikosea kitu. Nimemfanya azikwe kama mtu asiye na watani."

Jumatatu alikuwa mapokezi, nyuma kidogo ya Loisi. Batholomeo aliingia kwa mlango wa mbele, akasema, "Habari za asubuhi, Mama Hana." Akajibiwa, "Nzuri, bosi, shikamoo." Hajamwita ombaomba tena, na hakuna mbwa wa jirani anayetajwa. Wanaheshimiana sana siku hizi.

Gofu ya mwaka huu Hilda ameshaipanga. Niliona karatasi ubaoni. Wanaojua wanacheza na wanaojua, na wanatangulia. Wasiojua watakaa kivulini, soda zitakuwepo. Hakuna aliyeuliza kwa nini.